Fedha Iliyofunikwa na Vumbi Haiui Ukungu

Ndugu mafundi wa viyoyozi, kabla ya kupaka mpako wa kuua ukungu, tuanze na koili yenyewe, yaani mabomba yenye mapezi (bati nyembamba) yanayopoza hewa. Maji baridi huiingia yakiwa na nyuzi 7 hivi, na hewa ya Nairobi kwa kawaida hutoa umande ikipoa hadi kati ya nyuzi 10 na 15. Mapezi ya alumini yatalowa tu. Vumbi la Eneo la Viwanda likitua hapo, ukungu umepata shamba.

Chembe za nano (ndogo mno) za fedha ndani ya mpako hutoa ioni polepole ndani ya unyevu, ioni hushika protini za kimelea na kukiua. Lazima zikifikie. Tabaka la vumbi likitanda juu ya mpako, ukungu huota juu ya vumbi na fedha inabaki chini bila kazi. Kwa hiyo kichujio kibovu cha hewa, kinachopitisha vumbi, hakitibiwi kwa mpako.

Mpako wa oksidi ya titani nao hutaka miale ya urujuanimno. Ndani ya mfereji wa hewa wenye giza, bila taa yake, ni rangi tu. Na mpako wa shaba ukigusa alumini tupu penye unyevu, alumini ndiyo huliwa.

Muuzaji atakuonyesha cheti cha ISO 22196, jaribio la kimataifa la kupima kama uso unaua bakteria. Kisome vizuri: jaribio hilo hufanywa kwenye nyuzi 35, kwa saa 24, juu ya sampuli safi yenye unyevu. Koili yako ina nyuzi 10 na uchafu.

Mpako wa mikromita 5 hauzuii joto kwa kiasi cha kukusumbua. Kinachoharibu ni maandalizi. Zima feni, fungia swichi kwa kufuli. Tumia sabuni isiyokula alumini. Ukiona mapezi yanatoa povu linalochemka kwa magadi makali, ujue alumini inaondoka. Suuza kwa maji ya shinikizo dogo, kinyume na hewa inavyopita, la sivyo mapezi yatalala. Kisha mwagia maji safi: yakitanda bila kukatika, endelea, yakijikusanya matone, mafuta bado yapo, rudia. Mapezi ya buluu yana mpako wa kiwandani tayari, basi jaribu pembeni kwanza kama mpya utashika.

Kausha kabisa, pulizia pande zote mbili, kwa tabaka jembamba. Koili ya safu sita haifikiki katikati kwa bomba la kupulizia. Hiyo ichovywe kabla ya kufungwa. Vaa barakoa ya P3, yenye kichujio cha chembe ndogo sana. Kitambaa hakizuii matone madogo ya dawa yanayoelea hewani.

Na maji ya kuoshea bomba la kupulizia yasiende mtaroni. Fedha hudhuru samaki na wadudu wa majini, na mitaro yetu mingi huishia Mto Nairobi.