Anza na mzigo, tangazo lifuate: mhadhara kwa wauzaji wadogo wa mtandaoni, Arua

Mabibi na mabwana, vijana wa Arua, na ninyi mliotoka Koboko, Nebbi na Yumbe, habari za asubuhi.

Waandaaji wameniomba nizungumzie namna ya kutangaza biashara mtandaoni. Nitaizungumzia, ila nitaiweka mwisho. Ukitangaza vizuri kabla hujajua mzigo utamfikiaje mteja, unachovuna ni malalamiko, tena ya haraka. Kwa hiyo leo tunaanzia kwenye katoni, twende kwenye bei, malipo na mazungumzo, ndipo tufike kwenye tangazo. Mifano yangu ni bidhaa mbili za kwetu West Nile, huku kaskazini magharibi mwa Uganda, asali na mafuta ya shea, na mteja wangu yuko Kampala.

Kutoka hapa hadi Kampala ni karibu kilomita 500, na mzigo mdogo husafiri kwa basi. Tuanze na chupa. Lita moja ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi, kwa hiyo nusu kilo huingia kwenye chupa ya mililita 360 au karibu hapo. Anayenunua chupa za mililita 500 akidhani ndizo za nusu kilo ana balaa mbili za kuchagua: ajaze gramu 700 auze kwa bei ya 500, au aache nafasi kubwa juu na mteja aone amepunjwa. Pima kwa mizani kabla hujanunua chupa 200.

Halafu maji yaliyomo ndani ya asali. Yakizidi asilimia 20, hamira ya asili huamka, gesi hujaa, mfuniko huvimba, na ndani ya buti la basi asali hutafuta njia ya kutoka. Kifaa cha kupimia ni refraktometa, kidogo tu cha mkononi. Kama huna, ulizia kwenye ushirika wa wafugaji nyuki. Usikubali asali iliyovunwa kabla nyuki hawajaziba masega, maana hiyo ndiyo yenye maji mengi. Na asali ikiganda, mteja atakwambia umetia sukari. Mtangulie kwa kuandika kwenye lebo kwamba asali halisi huganda, na kwamba chupa ikiwekwa ndani ya maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 hurudi kuwa laini.

Mafuta ya shea ya kwetu ni laini kuliko yale ya Afrika Magharibi, na hilo ndilo linalopendwa na wanunuzi. Lakini ulaini huo huo ndio unaosumbua njiani. Huyeyuka ndani ya basi, hupenya kwenye nyuzi za mfuniko, kisha hupoa polepole usiku na kufanya chembechembe kama semolina. Hayajaharibika, ila mteja hajui. Tumia kopo lenye kizibo cha ndani chini ya mfuniko, acha nafasi ya sentimita moja juu, na tuma maelezo ya kuyayeyusha na kuyapoza haraka kwenye friji. Mistari miwili inatosha.

Kufunga: kila chupa ndani ya kavera lake, yaani mfuko wa plastiki, lililofungwa, zote zisimame wima, karatasi ngumu katikati ya safu na safu. Chupa 20 za nusu kilo ni zaidi ya kilo 10, basi usitumie katoni nyembamba ya biskuti. Andika jina na namba ya mpokeaji pande mbili. Piga picha ya katoni ikiwa imefungwa, na picha ya risiti ya basi, umtumie anayekwenda kuipokea. Huyo mpokeaji lazima awepo: ndugu au rafiki aliye karibu na Arua Park kule Kampala, basi linakoshushia mzigo, mnayeelewana malipo kwa kila kifurushi anachokabidhi kwa boda. Ukimwachia mteja akauchukue mzigo mwenyewe kwenye ofisi ya basi, wengine hawatakwenda kabisa.

Sasa bei. Namba ninazotaja ni shilingi za Uganda, na ni za mfano, weka zako. Asali nusu kilo 7,000. Chupa na mfuniko 1,200. Lebo 300. Katoni, kavera na utepe 500. Basi, katoni ya chupa 20 kwa 15,000, kila chupa 750. Jumla 9,750. Chupa moja kati ya 20 ikivunjika, zile 19 ndizo zinazoibeba, ongeza 500. Tangazo na bando, 1,000. Kutoa pesa kwenye simu, 250, maana mbali na ada ya wakala kuna kodi ya asilimia 0.5 ya kile unachotoa. Tumefika 11,500. Ukiuza 15,000, umebakiwa na 3,500, na humo ndimo mlimo jasho lako na umeme wako.

Mteja anasema, niletee bure. Boda ndani ya Kampala tuseme ni 5,000. Ukikubali kwa chupa moja, umempa 1,500 kutoka mfukoni mwako pamoja na asali. Kwa chupa tatu unabakiwa na 10,500, ukitoa boda zinabaki 5,500. Kwa hiyo uza kwa pakiti za tatu, na useme waziwazi: chupa tatu tunakuletea, chupa moja unalipia boda mwenyewe. Wauzaji wengi wanaolalamika kwamba mtandao haulipi hawajawahi kuipiga hesabu hii ya boda. Wanaona pesa zinaingia, hawaoni zinakopotelea.

Malipo. Pesa za simu ziliingia nchini 2009 na leo mteja wa Kampala hahitaji kufundishwa kuzitumia. Anachohitaji ni kuamini jina linalotokea anapolipa. Duka linaitwa hivi, namba inatoa jina la shemeji yako: mteja anasita, na ana haki ya kusita. Sajili jina la biashara URSB, ofisi ya usajili wa biashara, chukua TIN, namba ya mlipakodi ambayo haina malipo, kutoka URA, mamlaka ya mapato, kisha omba namba ya mfanyabiashara ya MoMoPay ya MTN au ya Airtel Money, ile namba fupi ya malipo, ili jina linalotokea liwe la biashara.

Utapeli wa kawaida ni meseji ya uongo. Mtu anakutumia picha ya skrini, au meseji iliyoandikwa kama ya kampuni ya simu, na boda wake tayari yuko mlangoni anakuharakisha. Hiyo haraka ndiyo dalili. Usisome meseji, soma salio: *165# kwa MTN, *185# kwa Airtel. Salio halijapanda, mzigo hautoki, hata boda apige honi kutwa nzima. Utapeli wa pili ni wa kudai alituma zaidi kwa makosa, umrudishie tofauti. Nao dawa yake ni salio. Na kama kweli kuna ziada, mrudishie kwa namba ile ile iliyolipa, si nyingine.

Pesa ikishaingia, usikimbilie wakala. Mlipe muuza chupa, mpiga chapa wa Nasser Road, mtaa wa wachapaji kule Kampala, na yule mpokeaji wako wa Kampala kwa simu. Kutuma nako kuna ada, lakini ile kodi ya 0.5 iko kwenye kutoa tu.

Kuhusu kodi ya mapato nitasema kidogo, kwa sababu ina uhusiano na daftari. Kwa viwango vilivyowekwa 2020, biashara ndogo yenye mauzo yasiyozidi milioni 10 kwa mwaka hailipi. Kuanzia milioni 10 hadi 30, asiye na kumbukumbu hulipa 80,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 0.4 ya kile kilichozidi milioni 10. Ukiuza milioni 16, mwenye daftari analipa 24,000. Asiye nalo, 80,000. Daftari la kurasa 96 mnajua bei yake.

Daftari hilo liwe na safu saba: tarehe, mteja, amekujuaje, ameuliza nini, umempa bei gani, amelipa lini, amepokea lini. Ile safu ya tatu ndiyo watu huiacha wazi, na ndiyo yenye thamani kuliko zote tukifika kwenye tangazo.

Mazungumzo. Weka WhatsApp Business, si ile ya kawaida, na kwenye laini ya biashara pekee. Inakupa katalogi ya bidhaa, salamu ya kujijibu yenyewe, majibu ya haraka, na lebo za kupanga wateja: mteja mpya, anasubiri kulipa, amelipa, amemaliza. Kila jioni fungua lebo ya anasubiri kulipa. Pale pana pesa iliyokwama kwa sababu ndogo: hakujua kama chupa ni ya plastiki au kioo, uliandika bei ukasahau kuandika namba ya kulipia. Kiungo chako andika hivi: wa.me/256 kisha namba yako bila ile sifuri ya mwanzo. Ukiibakiza sifuri hiyo, kiungo hakifunguki, na watu kadhaa humu ukumbini wanaweza kukagua vyao sasa hivi.

Na bei iandikwe. Ugonjwa wa kuandika "bei njoo inbox" sijui ulianzia wapi. Mteja ananunua bando dogo dogo; tangu Julai 2021 data ina ushuru wa asilimia 12, uliochukua nafasi ya ile 200 ya kila siku tuliyokuwa tunalipia mitandao ya kijamii tangu 2018. Mtu wa bando dogo hawezi kufukuzana na bei yako. Kwa sababu hiyo hiyo, picha tatu nzuri zinatosha: chupa na lebo yake kwa mbele, chupa juu ya mizani, na chupa mkononi ili ukubwa uonekane. Piga karibu na dirisha, asubuhi, bila flashi. Tovuti inaweza kusubiri. Ukishapata wateja wanaorudi, ndipo utafute jina la .co.ug.

Orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi ndani ya WhatsApp huchukua watu 256, na hufika tu kwa aliyeihifadhi namba yako. Kwa hiyo mteja akishapokea, mwombe aihifadhi. Usizoe namba kutoka kwenye makundi ya harusi na ya kanisa. Watakuripoti, WhatsApp itafunga laini, na wateja wako wote watapotea kwa siku moja. Pia Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka ridhaa ya mtu kabla hujatumia taarifa zake. Na nakala ya namba uwe nayo kwenye karatasi: Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na aliyekuwa na karatasi aliendelea kuuza kwa kupiga simu.

Haya, tangazo lenyewe. Facebook ilifungwa nchini Januari ile ile, na watu wakazoea kuingia kwa VPN, programu inayoficha mahali ulipo. Wengi hawajatafakari maana yake kwa muuzaji. Mtu amekaa Ntinda, hapo hapo Kampala, lakini mtambo unamwona yuko Uholanzi au Marekani. Ukilipia tangazo la Facebook ukachagua Uganda, unawakosa hao hao unaowatafuta. Ukifungua dunia nzima, unalipia wasioweza kununua. Pesa kidogo uliyonayo ipeleke kwenye Instagram na TikTok, ambako mteja huingia bila VPN, na status ya WhatsApp ambayo ni bure. Video ya TikTok iwe wima, na sekunde tatu za kwanza zionyeshe asali inamiminika au mafuta yanayeyuka kiganjani. Nembo yako haina haja ya kutangulia.

Lugha nayo ni pesa. Kampala, weka Kiganda au Kiingereza. Kwa wateja wa Ariwara na Bunia, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, Kiswahili kinatosha, na wauzaji wa Kampala hawawafikirii hao.

Pima hivi. Tulitenga 1,000 ya tangazo kwa chupa. Pakiti ya tatu ina 3,000. Ukitumia 20,000, unahitaji oda saba za pakiti ili usivuke kiasi hicho. Fungua daftari, hesabu safu ya tatu: wangapi wametoka kwenye tangazo lile? Ukikuta 30 wameandika na wawili wamenunua, usiongeze pesa. Soma mazungumzo ya wale 28 uone walinyamaza wapi. Wakinyamaza baada ya kusikia bei, tangazo limewaita watu wasio wako. Wakinyamaza baada ya kuuliza watapataje mzigo, tatizo liko Arua Park, wala si TikTok.

Usisahau anayerudi. Kama chupa tatu huisha nyumbani kwa miezi miwili, mwandikie aliyekuruhusu siku ya 50, kwa jina lake, umuulize kama umwekee katoni ijayo. Mtu huyo hakugharimu ile 3,000.

La mwisho ni alama ya Q, alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Usiichape kwenye lebo kabla hujapewa kibali. Ni kosa kisheria, na mteja anayejua atakuuliza. Anza mchakato mapema, kwa sababu supamaketi nyingi hazitakupokea bila hiyo.

Kuna ubao na chaki hapa mbele. Nani ana bidhaa yake na bei za kweli? Aje tuipige hesabu mbele ya wote, tuone kama inaweza kumlipa boda.