Nyongeza ya mshahara Dar: piga hesabu kabla hujabisha hodi kwa bosi

Habari zenu ndugu zangu wa Dar, kuanzia Mbagala mpaka Bunju. Wakubwa zangu, shikamooni. Leo kutoka huku Uingereza tuongee namna ya kumwomba bosi nyongeza bila kuvunja heshima, yako wala yake.

Toa slipu yako ya mwezi uliopita. Tuseme mshahara wako kabla ya makato ni 900,000, unataka ufike milioni. Laki nzima haiingii mfukoni. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa asilimia 10 inachukua 10,000. Ile 90,000 inayobaki yote inaangukia kwenye PAYE, yaani kodi ya mshahara, ya asilimia 25, kwa hiyo 22,500 inakwenda TRA. Mkononi unapata 67,500. Na kama unalipa mkopo wa Bodi, yaani ule wa masomo ya chuo, ile asilimia 15 inakata 15,000 nyingine, unabaki na 52,500. Ukitaka laki kamili mkononi, omba kama 150,000. Mwenye mkopo wa Bodi aombe kama 190,000. Watu wengi wanakubaliwa, halafu mwisho wa mwezi wananuna, kumbe namba waliitaja wenyewe.

Na omba iingie kwenye mshahara wa msingi. Bosi akikwambia "nitakuongezea posho ya usafiri," mshukuru, lakini kumbuka saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, na kiinua mgongo cha kuachishwa kazi kinahesabiwa siku 7 za mshahara huohuo kwa kila mwaka. Posho haimo humo.

Wakati: kabla bajeti haijafungwa. Ofisi inayofunga mwaka Desemba, nenda Septemba au Oktoba. Epuka wiki ya kuandaa mishahara, na tafadhali usiombe kwa WhatsApp saa tatu usiku. Omba miadi: "Bosi, naomba dakika 15 wiki hii, tuzungumzie majukumu yangu."

Sasa maneno yenyewe. Usianze na kodi ya nyumba wala ada ya watoto. Najua ni mzigo wa kweli, lakini ukianzia hapo umeshahamisha mazungumzo kutoka kazini kwenda kwenye msaada, na bosi mwenye huruma atakupa advansi, ambayo ni deni. Anza na kazi. Mfano, wewe unashughulikia mizigo ya kampuni bandarini, ambako mzigo ukichelewa kutoka unalipiwa storeji: "Mwaka jana tulikuwa tunalipa storeji karibu milioni 4 kwa mwezi. Tangu Januari naandaa nyaraka kabla meli haijafika, na sasa hatuvuki milioni 1. Nashukuru kwa kuniamini na kazi hii. Naomba mshahara wangu wa msingi upitiwe, kutoka 900,000 uwe 1,050,000." Ukishataja namba, nyamaza. Wengi huharibu hapa: kimya kikiwazidi wanasema "hata nusu yake siyo mbaya," na nusu ndiyo wanayopewa.

Usimtaje mwenzako anayelipwa zaidi. Mazungumzo yatageuka kuwa nani alikuonyesha slipu yake. Na usitishie kuondoka kama huna barua ya kazi nyingine mkononi.

Akisema bajeti hakuna, usinune. Uliza: "Nifikishe kipi, na tukae tena mwezi gani?" Jioni hiyohiyo mwandikie barua pepe fupi ya shukrani yenye tarehe mliyokubaliana, maana bosi ana mengi, atasahau.

Akikubali, omba barua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mabadiliko ya masharti ya kazi uarifiwe kwa maandishi, kwa hiyo humkosei adabu. Barua ionyeshe kiasi kipya, kwamba ni cha msingi, na mwezi kinapoanza. Slipu ya kwanza ikitoka, angalia mstari wa mshahara wa msingi kwanza, halafu wa NSSF. Kama NSSF haijapanda, nenda kwa mhasibu wiki hiyohiyo.