Jezi Nyeusi za São Januário: mhadhara kuhusu klabu ya Vasco da Gama

Mabibi na mabwana, hamjambo. Asanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliokaa karibu na mlango. Najua mnachelea mhadhara usije ukazidi dakika tisini. Hautazidi.

Klabu ninayoizungumzia ni ya Rio de Janeiro, lakini jina lake hapa Mombasa si geni. Tarehe 7 Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga nje ya mji huu, na wenyeji hawakuelewana naye. Siku chache baadaye akafika Malindi, sultani akampokea na kumpa mwelekezi wa kumvusha hadi Bara Hindi. Aliporudi mwaka 1502, alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu, mizinga ikiwa imeelekezwa mjini. Basi mtu akiniuliza inakuwaje mtu wa pwani aipende timu yenye jina hilo, nasema ana haki ya kuuliza. Jibu langu limo ndani ya barua moja. Tutafika.

Tuanze Rio. Tarehe 21 Agosti 1898 kundi la wahamiaji Wareno, wengi wao watu wa maduka na makarani, liliunda klabu. Haikuwa ya mpira, ilikuwa ya makasia. Mchezo uliojaza watu ufukweni Rio wakati ule ulikuwa mashindano ya mashua, mpira ulikuwa bado mchanga. Mwaka huo Wareno walikuwa wakiadhimisha miaka 400 ya safari ya India, ndiyo maana wakachukua jina la nahodha wao, na merikebu ingali katika nembo mpaka leo. Mwaka 1904 wakamchagua Cândido José de Araújo kuwa rais wa klabu, mtu mwenye asili ya Kiafrika. Kumbukeni Brazil ilikomesha utumwa mwaka 1888, ya mwisho katika Amerika yote. Miaka 16 tu ilikuwa imepita.

Mpira uliingia Vasco mwaka 1915. Mpira wa Rio ulikuwa wa mabwana: Fluminense, Flamengo, Botafogo, vijana wa familia zenye majina, wanafunzi wa udaktari na sheria. Kanuni zilisema mchezo ni wa ridhaa, hakuna kulipwa. Sikilizeni vizuri kanuni hiyo inafanya nini. Mtoto wa tajiri anaweza kucheza bure kwa sababu baba analipa kodi ya nyumba. Kijana wa kibarua akicheza bure Jumapili na kufanya mazoezi katikati ya wiki, nyumbani watakula nini? Kanuni haikumtaja maskini hata mara moja, na bado ilimfungia mlango.

Wareno wa Vasco walikuwa wafanyabiashara, na mfanyabiashara anajua njia ya kuzunguka kanuni. Wachezaji waliandikishwa kama wafanyakazi wa maduka yao. Kwenye karatasi kijana ni muuzaji, kumbe siku nzima yuko uwanjani. Kocha alikuwa Mruguay, Ramón Platero, aliyewafanyisha mazoezi ya pumzi kuliko timu yoyote mjini, hata wapinzani walipochoka kipindi cha pili wao ndio kwanza wanaanza kukimbia. Kikosi kilikuwa na Weusi, machotara na Wazungu maskini. Kipa, Nelson da Conceição, alikuwa dereva. Walipanda daraja baada ya msimu wa 1922, na mwaka 1923, msimu wao wa kwanza daraja la juu, wakatwaa ubingwa wa Rio. Wakaitwa Jezi Nyeusi.

Hapa niweke tahadhari, maana mashabiki wa Vasco hupenda kusimulia kana kwamba wao ndio waliomfungulia mchezaji Mweusi mlango wa kwanza Brazil. Si hivyo. Bangu, timu ya kiwanda cha nguo pembezoni mwa Rio, ilimchezesha Francisco Carregal tangu 1905. Tofauti ni kwamba Bangu haikuwa ikichukua ubingwa. Mtu wa chini akicheza na kufungwa, mabwana humpigia makofi kwa uungwana. Akishinda, wanakwenda kufungua kitabu cha kanuni.

Na walikifungua. Mwanzoni mwa 1924 klabu kubwa zilijitoa kwenye ligi, zikaunda chama kipya, AMEA, chini ya Arnaldo Guinle, mtu wa Fluminense. Vasco waliambiwa wanaweza kujiunga kwa masharti. Uwanja wao haukufaa. Wachezaji wachunguzwe: wanafanya kazi gani, wanajua kusoma na kuandika? Hitimisho likawa kwamba wachezaji 12 waondolewe.

Tarehe 7 Aprili 1924 rais wa Vasco, José Augusto Prestes, aliandika barua kwa Guinle. Ndiyo, 7 Aprili, siku ileile ya Mombasa. Mimi siamini mambo ya nyota, nawapa tarehe tu. Barua ni fupi. Inasema hao 12 ni vijana, karibu wote ni Wabrazili, wako mwanzoni mwa safari yao ya mchezo, na tendo la kuwachafulia jina halitafanywa na viongozi wa nyumba iliyowapokea, wala chini ya bendera waliyoifunika kwa ushindi. Kwa hiyo Vasco haijiungi na AMEA. Wabrazili wanaiita Jibu la Kihistoria.

Mimi kinachonishika zaidi ni kile ambacho hakimo. Someni barua ile mstari kwa mstari, hamtakuta neno kuhusu rangi ya mtu. Na AMEA nao hawakudai kwamba Weusi watoke. Walidai kazi ya heshima, elimu, uwanja mzuri. Wapo wanaotumia jambo hilo kusema basi suala la rangi lilitiwa chumvi baadaye. Siafikiani nao. Katika nchi iliyotoka utumwani jana, ambako mtoto wa mtumwa hakupelekwa shule, ukiuliza "unajua kuandika?" umeshauliza babu yake alikuwa nani. Fomu ilifanya kazi ambayo mdomo uliona haya kuifanya.

Je, Prestes na wenzake walikuwa watakatifu? Hapana. Walikuwa wafanyabiashara waliotaka kushinda, na wao wenyewe, kama Wareno wa dukani, walidharauliwa na mabwana wa Rio. Maslahi yao na haki ya wale vijana vilikutana njia moja. Mimi hilo halinipunguzii heshima yangu kwa barua ile. Wangeweza kuwatoa wale 12, kununua wengine na kukaa meza kuu. Walibaki ligi ya zamani, wakachukua ubingwa wake mwaka huo, na mwaka 1925 AMEA wakawapokea. Watu walikuwa wakiifuata Vasco, na viingilio vilikwenda na watu.

Likabaki lile la uwanja. Wanachama wakachanga, na tarehe 21 Aprili 1927 São Januário ikafunguliwa, uwanja mkubwa kuliko wote Amerika Kusini mpaka Montevideo walipojenga Centenario mwaka 1930. Siku ya ufunguzi Santos wakaja wakawafunga wenyeji 5-3. Sherehe za mpira ndivyo zilivyo. Baadaye Rais Getúlio Vargas alipendelea kuhutubia wafanyakazi pale, na sheria ya kima cha chini cha mshahara ilitangazwa humo tarehe 1 Mei 1940.

Vikombe nitavipitia haraka, mnaweza kuvitafuta wenyewe. Ubingwa wa klabu bingwa za Amerika Kusini mwaka 1948 kule Santiago, kwa sare tasa na River Plate ya akina Di Stéfano. Ubingwa wa Brazil 1974, 1989, 1997 na 2000. Libertadores, kombe kuu la klabu za Amerika Kusini, mwaka 1998, klabu ikitimiza miaka 100, kwa kuifunga Barcelona ya Guayaquil, Ecuador, nyumbani na ugenini.

Kuhusu kipa wa 1948 sitafanya haraka. Moacir Barbosa alikuwa Mweusi, na wengi walimwona kipa bora wa Brazil. Mwaka 1950 alidaka mechi ya mwisho ya Kombe la Dunia uwanjani Maracanã, Rio, Brazil ikihitaji sare tu kuwa bingwa. Ghiggia wa Uruguay akapiga upande wa mlingoti wa karibu, 2-1, na nchi nzima ikamgeukia kipa. Yeye mwenyewe alisema adhabu kubwa ya jela Brazil ni miaka 30, lakini yake ilipita hapo. Kwa miaka mingi baadaye ilisemwa kwamba lango la Brazil halifai kukabidhiwa Mweusi. Alifariki tarehe 7 Aprili 2000. Barua ya 1924 ilimlinda mchezaji ndani ya klabu. Ukitoka nje ya geti la São Januário, hakukuwa na barua.

Miaka ya karibuni ni ya tabu. Vasco ilishuka daraja 2008, 2013, 2015 na 2020. Mwaka 2022 iliuza asilimia 70 ya kampuni yake ya mpira kwa 777 Partners ya Marekani, na mwaka 2024 mahakama ikawaondoa wawekezaji hao kwenye usukani. Klabu iliyojengwa kwa michango ya wanachama ikajikuta inasubiri hakimu aseme nani bosi.

Na kuna la 2023. Baada ya vurugu katika mechi na Goiás, mahakama iliuzuia uwanja kupokea mashabiki kwa miezi kadhaa. Vurugu zilikuwepo, sizitetei. Lakini katika maelezo yaliyopelekwa mahakamani ilitajwa pia kwamba uwanja uko jirani na Barreira do Vasco, mtaa wa mabanda, kana kwamba ujirani na maskini ni kosa la uwanja. Mashabiki walilipinga kwa kuirudia barua ya 1924, na wauzaji wadogo wa Barreira, wanaotegemea siku za mechi, walihesabu hasara mpaka mageti yalipofunguliwa tena Septemba.

Muda umekwisha na mwenyekiti ananitazama. Maswali yaje. Kama humu ndani kuna shabiki wa Flamengo, watani wa jadi wa Vasco, nampa kipaza sauti yeye kwanza, maana najua hajakubali hata nusu ya niliyosema.