Steringi Aliyekwenda Vitani na Mahameli

Asanteni, kaeni. Walionisikia mwaka jana wanajua nitaanzia wapi. Wanivumilie, naanzia palepale, maana juzi tu nimepita kwenye kibanda cha video nikakuta mambo ni yaleyale.

Sote humu tumekulia kwenye picha za kauboi, na kanuni yake tunaijua: steringi hafi. Tukitoka sinema tulichonga bunduki za mabua, tukaingia vichakani, na ugomvi ulikuwa mmoja tu: nani awe steringi. Uhindi Mwekundu, yaani kuwa mwenyeji wa Marekani anayepigwa na kauboi, hakuna aliyeutaka. Walipewa watoto wadogo, wakaambiwa wakisikia "pah!" waanguke.

Sasa huyo steringi alitoka wapi? Wengi mnadhani kwanza kulikuwa na vita vya jeshi la Marekani na wenyeji wa nchi ile, halafu baada ya miaka mingi watu wakakaa wakatengeneza sinema. Sivyo. Mchezo ulikwenda pamoja na vita, na siku moja, mimi nasema, mchezo ulitangulia.

William Cody, yule Buffalo Bill, alikuwa mpelelezi wa jeshi la Marekani kweli. Hilo simnyang'anyi. Lakini tangu mwaka 1872 alikuwa pia mwigizaji: anapanda jukwaani, anaigiza maisha yake mwenyewe, watu wanalipa kiingilio. Mwaka 1876 akaacha jukwaa, akarudi jeshini. Tarehe 25 Juni mwaka huo Walakota na Wacheyenne, makabila ya wenyeji, wakampiga Custer, kamanda wa jeshi la Marekani, pale kwenye mto Little Bighorn, akafa yeye na askari zaidi ya 200. Marekani nzima ikawa inalia na kutaka kisasi.

Wiki tatu baadaye, tarehe 17 Julai, kijito cha Warbonnet, Nebraska. Alfajiri. Cody anajua leo huenda kutapigwa. Naomba mtazame anachovaa. Havai nguo za porini. Anavaa suti ya jukwaani: mahameli nyeusi, nakshi nyekundu, vifungo vya fedha, mshono wa wachunga ng'ombe wa Meksiko. Mahameli, ndugu zangu! Mwezi wa Julai, kwenye vumbi lile, juu ya farasi! Kila nikilifikiria vazi lile naona mtu ambaye macho yake hayako kwa adui aliye mbele yake. Yako kwa watazamaji walioko New York, ambao hata tiketi hawajakata.

Akatokea kijana wa Kicheyenne. Risasi zikapigwa, kijana akafa, Cody akashuka akamchuna ngozi ya kichwa pamoja na nywele zake. Askari waliokuwapo hawakusimulia namna moja jinsi alivyouawa, na sitapoteza muda hapo. Ninachotaka mshike ni hiki: mwaka uleule, Cody alikuwa tayari jukwaani, na suti ileile, akimuua kijana yule upya mbele ya watu. Nywele zake zikawekwa hadharani zitazamwe. Na jina? Kijana aliitwa Nywele za Njano. Mkalimani akakosea, matangazo yakaandika Mkono wa Njano, na vitabu vikafuata. Mtu ameuawa, amechunwa, anauawa tena kila usiku kwa kiingilio, na hata jina lake halikusomwa sawasawa.

Najua kuna anayesema moyoni, "Mwalimu, ile ni burudani tu, mbona unaikamia?" Huyo namuuliza: wewe uliyesoma habari za Mkwawa, utaniambia mimi kichwa cha mtu ni burudani? Mkwawa alikufa mwaka 1898, Wajerumani wakachukua kichwa, na fuvu likarudi Kalenga mwaka 1954. Miaka 56 Wahehe wanadai kichwa cha mtu wao. Lile fuvu nimesimama mbele yake, ndani ya kioo, na sikuona burudani. Tukijua uchungu huo kwetu, tusijifanye hatuujui kwa Wacheyenne.

Mwingine atasema Cody aliwapa wenyeji kazi. Ni kweli. Mwaka 1885 Sitting Bull, kiongozi mkubwa wa Walakota, alizunguka na onyesho la Cody, lililoigiza mambo ya kauboi na Wahindi Wekundu, kwa dola 50 kwa wiki, na baadhi ya waliofanya kazi kwa Cody walisema aliwalipa vizuri. Nakubali yote. Lakini ajira hiyo ilikuwa ya kushindwa. Ukishinda Little Bighorn kwa kweli, unalipwa kushindwa jioni, na kesho tena.

Na moto huo ulifika hadi kwa jirani zetu. Miaka ya 1950, Kinshasa ikiitwa bado Léopoldville, vijana wa mitaani walijiita "Bill", wakafunga vitambaa shingoni, kila mtaa na ma-Bill wake. Vijana waliokuwa chini ya Mbelgiji, wakachagua jina la mtu aliyepigania walowezi. Siwalaumu hata kidogo. Kwenye picha waliyoonyeshwa, mwenye farasi na heshima alikuwa mmoja tu.

Wangeonyeshwa Bass Reeves je? Mtu mweusi, alizaliwa mtumwa Arkansas mwaka 1838, akawa askari wa serikali kuu kuanzia 1875, akasaka wahalifu miaka zaidi ya thelathini katika nchi ambayo leo ni Oklahoma. Kusoma hakujua. Hati za kukamatia watu alisomewa, akazishika kichwani, akapanda farasi. Huyo sinema ilimkalia kimya karibu karne nzima. Nilitaka pia niwaeleze wachunga ng'ombe wa Meksiko, ambao kazi yenyewe ya ukauboi, kamba na tandiko, ilitoka kwao, lakini naona mwenyekiti ananionyesha saa.

Basi hili moja. Tarehe 29 Desemba 1890, pale Wounded Knee, jeshi liliwaua Walakota wengi sana, wanawake na watoto wakiwamo, na maiti wakazikwa kwenye shimo moja. Mwaka 1913 Cody, mzee sasa na mwenye madeni, alirudi mahali pale na kamera za sinema. Akaleta askari wa jeshi wenyewe. Akawachukua Walakota, na wengine wao walikuwapo siku ya mauaji, akawaweka kwenye ardhi ileile, karibu na kaburi lile, wakaambiwa wakisikia bunduki waanguke.

Filamu hiyo karibu yote imepotea. Haya, maswali. Naona mkono pale dirishani.