Si Wingi Tu, ni Mahali: Ubongo wa Alzheimer Chini ya Hadubini

Habari za jioni, na asanteni kwa kuja. Nina muda mfupi, kwa hiyo naanzia kwenye ndoo.

Ubongo wa marehemu ukitoka kwenye fuvu ni laini mno. Ukijaribu kuukata, unafuata kisu badala ya kukatika. Kwa hiyo tunautundika kwa uzi ndani ya ndoo ya fomalini, dawa ya kuhifadhi na kukaza tishu, usije ukagusa chini ukabonyea, na unakaa humo wiki mbili au zaidi. Ukitoka ni mgumu kama mpira.

Kisha mzani. Ubongo wa mtu mzima huwa na gramu 1,200 hadi 1,400 hivi. Wa aliyeugua Alzheimer, ugonjwa unaokula kumbukumbu na akili, kwa miaka mingi unaweza kushuka hadi 1,000. Mikunjo imenyauka, mifereji imepanuka, na hipokampasi, inayotusaidia kuweka kumbukumbu mpya, imesinyaa. Hapo usiandike kitu bado. Uzee nao hupunguza ubongo. Jicho tupu linashuku tu.

Alois Alzheimer, daktari wa Kijerumani ambaye ugonjwa huu umepewa jina lake, alimpokea mgonjwa Auguste Deter hospitalini Frankfurt mwaka 1901, mama wa miaka 51. Alipofariki Aprili 1906, daktari alikuwa ameshahamia Munich, akaletewa ubongo huko. Akaupaka rangi ya chumvi za madini ya fedha, akaona vitu viwili tunavyovitafuta mpaka leo: madoa nje ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Novemba akawaeleza madaktari wenzake Tübingen, na inasemekana hakuna aliyeuliza swali. Tafadhali msinifanyie hivyo.

Madoa ni protini iitwayo amiloidi-beta. Nyuzi ni tau, ambayo ikiwa nzima hushikilia njia za usafirishaji ndani ya seli ya neva. Ikiharibika inaachia na kujisokota. Seli ikifa, fundo hubaki palepale likiwa na umbo la seli iliyokuwapo. Sisi tunaliita fundo mzimu. Mimi huliangalia kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Siku hizi tishu inazamishwa kwenye nta, inakatwa vipande vyembamba vya mikroni 5 hadi 8 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kisha inawekewa kingamwili inayonasa amiloidi peke yake, au tau peke yake. Palipo na ugonjwa panageuka kahawia, viini vya seli vinakuwa samawati.

Halafu tunahesabu? Kidogo. Swali kubwa ni wapi. Mwaka 1991 watafiti Heiko na Eva Braak walionyesha kwamba tau haienei ovyo: inaanzia jirani na hipokampasi, inaingia humo, kisha inatapakaa kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, kwa hatua sita. Hatua mbili za mwanzo mtu kwa kawaida haonyeshi dalili. Mbili za mwisho, nyumbani walishajua zamani. Amiloidi ina njia nyingine: inaanzia kwenye gamba, inashuka kuelekea shina la ubongo. Ndiyo maana mgonjwa husahau mgeni wa asubuhi huku akikumbuka wimbo wa utotoni. Fuata njia ya tau, utaelewa.

Ila ramani haitoshi. Mtafiti David Snowdon alianza mwaka 1986 kuwafuatilia watawa wa Kikatoliki Marekani, na 678 walikubali ubongo wao uchunguzwe baada ya kifo. Baadhi walikutwa na mafundo na madoa tele, ilhali walikufa na akili timamu. Wengine walikuwa na ugonjwa huohuo pamoja na viharusi vidogo, na hao ndio walioshindwa zaidi. Kwa hiyo ripoti yangu haiandiki kwamba marehemu alipoteza kumbukumbu. Inaandika mabadiliko ni ya kiwango gani. Waliomjua ndio wenye habari iliyobaki.

Najua swali linalokuja: kuna picha za PET, zinazoonyesha protini hizi mtu akiwa hai, na vipimo vya damu, tishu ya nini tena? Picha hizo ziliaminika kwa sababu waliopigwa walipofariki, ubongo wao ulikatwa na kulinganishwa nazo. Tena ubongo wa mzee mara nyingi hubeba magonjwa mawili matatu kwa pamoja: miili ya Lewy (mabonge ya protini nyingine ndani ya seli), mishipa iliyoziba, protini ya TDP-43 iliyoharibika. Kisu bado kina kazi.

Slaidi za Auguste zilipatikana tena Munich miaka ya 1990, na madoa bado yanaonekana. Nizimieni taa, niwaonyeshe doa la kwanza. Lipo pale juu kushoto.