Albamu ya Drake kwenye kaseti ya dakika 60

Kipindi cha wiki ya tatu ya Oktoba 2023. Mwana na Chidi, studio, Dar es Salaam.

MWANA: Wasikilizaji, mkisikia kitu kinagongagonga ni Chidi. Kaja studio na boksi.

CHIDI: Bi mkubwa kapata mpangaji. Kile chumba changu cha Magomeni kinatakiwa kiwe wazi kabla ya Jumamosi. Kanipigia juzi, "Njoo uondoe takataka zako la sivyo nawapa wauza skrepa." Nafika, boksi zima kaseti. Juu kabisa Machozi, Jasho na Damu ya Profesa Jay, ya 2001, kava limeliwa na mende. Chini yake hii hapa, haijarekodiwa kitu. Dakika 60.

MWANA: Hongera. Sasa leo ni Drake, rapa wa Kanada, na albamu yake mpya, For All the Dogs. Utaratibu mnaujua: tunasema albamu ikoje, tunagombana kidogo, halafu mwishoni nina mambo matatu ya kujifunza kwa wasanii wetu wanaotoa albamu. Nimeyaandika kabisa, Chidi. Safari hii usiniharibie.

CHIDI: Siharibu. Swali dogo tu. Inaingia humu?

MWANA: Nini?

CHIDI: Albamu ya Drake. Nyimbo 23, inakaribia saa moja na nusu. Saidi A nusu saa, saidi bii nusu saa. Haiingii!

MWANA: Haya, kumbe unakuja upande wangu mwenyewe. Wachambuzi wengi wamesema hilohilo. Ndefu, inajirudia, na jamaa bado anawanung'unikia wanawake walewale. Na mashabiki wamekasirika zaidi kwa sababu yeye ndiye aliyewatega. Alipoitangaza alisema watu wanamkumbuka Drake wa zamani, akawaonya wasimtie majaribuni. Tukakaa mkao wa kula. Tumeletewa nini?

CHIDI: "8AM in Charlotte".

MWANA: Huo mmoja nakupa. Pale kachana kweli.

CHIDI: Na wachambuzi, Mwana, mtu katoa albamu Ijumaa asubuhi, jioni mwenzetu kashaandika hukumu. Nyimbo 23! Views ilipotoka 2016 si waliiponda hivihivi? Leo kila mtu anataka arudi Drake wa Views. Hawa watu wanaipenda albamu iliyopita siku zote.

MWANA: Hiyo haifanyi hii kuwa nzuri. Sikiliza hesabu. Billboard, wale wenye chati za muziki Marekani, wana utaratibu wao: strimu 1,250, yaani wimbo kuchezwa mtandaoni mara 1,250, za watu wanaolipia zinahesabika albamu moja imeuzwa. Za bure, 3,750. Mimi mwenye nyimbo 12, lazima mtu aicheze yote mara 105 ndipo nipate "mauzo" moja. Drake na 23 zake, mara 55 basi. Kwa nini apunguze? Hapo hakuna sanaa, ni kupanga bidhaa kwenye rafu.

CHIDI: Na watu wameziokota rafuni. Wiki ya kwanza 402,000, nambari moja. "First Person Shooter" na J. Cole imeingia chati ya nyimbo ya Billboard, Hot 100, moja kwa moja kileleni, ya 13 kwake, kamfikia Michael Jackson. Na humo ndani alishatamba kwamba amebakiza moja tu amfikie.

MWANA: Thriller ya huyo Michael ina nyimbo tisa, Chidi. Tisa! Yote inaingia kwenye kaseti yako na nafasi inabaki.

CHIDI: Ya kurekodia saidi bii ya Drake.

MWANA: (anacheka) Pumbavu.

CHIDI: Hapana, hebu tufanye kweli. Tumkatie Drake dakika 25. Wewe taja, mimi naandika kwenye kava.

MWANA: Dakika mbili tu, halafu tunarudi. Anza na vile vipande viwili vya katikati, "BBL Love" na "Screw the World".

CHIDI: Vifupi hivyo, havikuokolei kitu. Toa "Slime You Out". Zaidi ya dakika tano, na ilitoka Septemba, ikashika nambari moja, kila mtu anayo.

MWANA: Humo anaimba yule dada SZA. SZA humtoi.

CHIDI: SZA yumo pia kwenye "Rich Baby Daddy".

MWANA: Nayo zaidi ya dakika tano! Basi toa "Gently". Bad Bunny aliyeshirikishwa simgusi, Kihispania ni chake, ila Drake pale kavaa lafudhi ya Kihispania kama kaiokota sehemu ya kuchukulia mizigo uwanja wa ndege.

CHIDI: "Gently" inabaki. Saidi bii, namba tatu. Nishaandika.

MWANA: Kwa kalamu?

CHIDI: Kwa kalamu.

MWANA: Basi kwenye "Calling For You" kata yule dada anayelalamikia safari.

CHIDI: Kaseti haikatwi katikati ya wimbo.

MWANA: Tulikuwa tunakata! Unarekodi kutoka redioni, mtangazaji anaingilia juu ya vesi ya pili anasalimia watu wa Tabata. Mimi kuna nyimbo mpaka leo nikizisikia bila yule mtangazaji naona zina upungufu.

CHIDI: (anacheka sana) Ndiyo maana nasema wasikilizaji hujitengenezea albamu yao wenyewe. Drake katoa 23, mimi nachukua 14, wewe 14 zako. Kosa liko wapi?

MWANA: Kosa ni kwamba kazi yake nimeifanya mimi. Prodyuza wa zamani pale Kariakoo alijua mkanda una mwisho, kwa hiyo wimbo dhaifu ulibaki studio. Sasa mwisho haupo, na jamaa hajifunzi kusema hapana.

CHIDI: Na wimbo mzuri nao ulibaki studio. Hilo hamlisemi. Msambazaji anakwambia huu hautauza, basi, umekufa, hakuna aliyewahi kuusikia. Naomba 23 niruke tisa kuliko mtu kunichagulia.

MWANA: Mh.

CHIDI: Hujajibu.

MWANA: Najibu kwa Joe Budden, yule rapa wa zamani mwenye podikasti. Unajua alichosema: Drake ana miaka 36, wiki ijayo anafikisha 37, arape kwa ajili ya watu wa umri wake. Drake akamjibu kule Instagram, insha nzima, kwamba Budden ni mtu ambaye muziki ulimshinda. Insha! Mtu aliyeshika nambari moja ana muda wa insha?

CHIDI: Kachokozwa. Na hiyo hoja ya umri siipendi. Bi Kidude kaimba mapenzi mpaka uzeeni, nani alimwambia mama, imba mambo ya pensheni?

MWANA: Usimtaje Bi Kidude hapa.

CHIDI: Kwa nini?

MWANA: Kwa sababu Bi Kidude alikuwa mwalimu wa unyago. Akiimba mapenzi ni mtu aliyepita huko, anakuachia kitu. Huyu Drake kava la albamu kachorewa na mtoto wake, ukifungua ndani baba analalamika hakujibiwa meseji.

CHIDI: Na watu wazima hawaachwi bila kujibiwa meseji? Mwana, mimi nina miaka 38.

MWANA: Pole.

CHIDI: Si pole! Nasema wanaume wa umri wangu wanalalamika hivyohivyo, sema hawana kipaza sauti. Huo ndio utu uzima wenyewe. Wewe unataka utu uzima wa hotuba.

MWANA: Nataka mtu aliyejifunza kitu. Kimoja.

CHIDI: Anaweza asijifunze na bado wimbo ukawa mzuri.

MWANA: Wimbo, ndiyo. Nyimbo 23, hapana.

CHIDI: Umerudi kwenye idadi.

MWANA: Sijawahi kuondoka kwenye idadi.

(Kimya. Chidi anafungua na kufunga kasha la kaseti.)

MWANA: Siku albamu ilipotoka Drake alisema redioni anapumzika, tumbo linamsumbua, labda mwaka mzima. Afya kwanza, namuombea. Ila kwenye hilo la mwaka, simuamini. Chipsi mayai kwamba Krismasi haifiki kabla hajatoa kitu.

CHIDI: Na mishikaki. Nimekubali. Mtu kasema anaumwa, Mwana.

MWANA: Nimesema namuombea. Fundi, mbona unanyoosha vidole viwili? Dakika mbili? Mambo yangu matatu!

CHIDI: Sema moja.

MWANA: La kwanza halieleweki bila la pili. Acha. Wale wa saa kumi wameshafika, nawaona kwenye kioo.

CHIDI: Basi tufunge kava. Bado dakika nne. "Rich Baby Daddy" naifungulia saidi bii.

MWANA: Saidi bii inafunguliwa na "8AM in Charlotte".

CHIDI: Hiyo ya kufungia.

MWANA: Ukifungia na hiyo, mkanda ukikatika umepoteza wimbo pekee wenye akili.

CHIDI: Pekee? Mwana, "pekee"? Fundi, usizime, ngoja kwanza, kasema pekee