Samaki mgeni amekufa: alikufa baada ya saa ngapi?

Haya wapendwa, asanteni kwa kuja, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Mmeniita niongelee hii shida ya samaki wa maji ya chumvi kufa akishafika tu nyumbani, na swali langu la kwanza siku zote ni moja, alikufa baada ya saa ngapi? Maana aliyekufa usiku uleule na aliyekufa siku ya tano wameuawa na vitu tofauti kabisa, na sisi wote tunawamwagia dawa ileile.

Tuanze na wa usiku uleule. Samaki wetu wengi wanatoka Pwani, anapakiwa jioni, analala kwa basi, asubuhi anafika Nairobi mfuko umevimba hadi unang'aa. Humo ndani amepumua na kujisaidia masaa kumi. Ile kaboni dayoksaidi anayotoa inashusha pH, kile kipimo cha utindikali wa maji (namba ikishuka, tindikali imezidi), inaweza kufika 7 ama chini, na kumbe hiyo ndo imemuokoa, kwa sababu pH ikiwa chini amonia, yaani ile taka anayoitoa mwilini, nyingi yake inakaa katika umbo lisilomdhuru sana. Sasa wewe unafungua mfuko, kaboni dayoksaidi inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka sumu, yaani kutoka 7 hadi 8.2 ya matanki yetu sehemu yenye sumu inaongezeka zaidi ya mara 10. Na hapo ndo tunakaa na kamrija, tone, tone, tone, masaa mawili, eti tunamzoesha maji! Nilimfanyia hivyo kangaja wa buluu, yule mwenye pezi la njano mgongoni, mashavu yalikuwa yanapiga mbio hata siwezi kuhesabu, alafu akalala ubavu ndani ya ndoo kabla hajaliona tanki. Nililia, na bado inaniuma.

Siku hizi nampigia muuzaji siku moja kabla aniambie chumvi ya maji yake ni ngapi, natengeneza tanki la karantini, la kumtenga mgeni peke yake, lenye chumvi hiyohiyo, mfuko ukifika nauelesha juu dakika 20 joto lilingane, nafungua, namtoa samaki na kumwingiza moja kwa moja, maji ya mfuko yote namwaga.

Hiyo chumvi msiipuuze jamani. Tunaipima kwa uzito wa maji ukilinganisha na maji matupu ambayo ni 1.000: muuzaji anaweza kuwa 1.019 na wewe nyumbani uko 1.025. Samaki wa bahari anapoteza maji mwilini muda wote, anakunywa kufidia, ukimpandisha ghafla anakauka akiwa ndani ya maji, na anaweza kufa siku mbili tatu baadaye wakati wewe ushasahau. Kushuka anavumilia, kupanda ndo shida, kwa hivyo panda 0.001 ama 0.002 kwa siku. Na refraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi, irekebishe kwa maji maalum yenye chumvi gramu 35 kwa kilo, maji matupu pekee hayatoshi.

Kingine ambacho watu wa Mombasa hawana: sisi hapa Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, oksijeni inayoyeyuka majini kwetu ni pungufu kama asilimia 18 kuliko kule ufukweni, na maji ya chumvi na ya moto yanaibeba pungufu zaidi. Samaki aliyechoka na safari, tanki lina kifuniko, pampu imeelekea chini... Elekeza pampu juu, uso wa maji ucheze.

Sasa wa siku ya tatu hadi ya saba. Kama anapumua mbio, anakimbia taa, anasimama mbele ya pampu, na ukimulika tochi kwa ubavu unaona vumbi laini la dhahabu, hiyo ni velveti, ugonjwa wa kimelea kidogo sana kinachoshika ngozi na mashavu, na msingoje kesho. Kimelea kimoja kikidondoka kinajigawa hadi 256. Mtoe, tibu kwa dawa ya shaba kwenye tanki la pembeni, miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita kama ni shaba ya kawaida, mkipima kila siku, na kamwe msiitie kwenye tanki lenye matumbawe na kamba, itawaua wote.

Wa wiki ya pili na ya tatu mara nyingi ni njaa ama kupigwa na wenyeji, kaeni gizani kidogo mwangalie nani anamfukuza nani.

Naona dada pale amekuja na mfuko wake, samaki ameingia na basi la leo. Usifungue bado, lete hapa mbele tupime joto kwanza.